Fundi, Wifi Yake na Ujumbe wa Mafuta

Fundi alishona nguo sebuleni kwake kutwa nzima. Hakuinuka kwenye cherehani ila kwa chai. Wifi yake, dada wa mumewe, alipiga pasi nguo zilizokamilika, kisha akawapelekea wateja kwa miguu.

Fundi alikuwa na mikono miembamba, lakini tumbo lilitangulia mbele. Wifi alikuwa na nyonga pana na mapaja manene. Mtaani walimwita Bonge, naye aliitika akicheka.

Siku moja walipimwa pamoja kwenye zahanati. Sukari ya Fundi ilikuwa imepanda. Ya Bonge ilikuwa sawa.

"Rudi baada ya miezi mitatu," muuguzi alimwambia Fundi. "Isiposhuka, tutaanza dawa."

Fundi alirudi nyumbani kijicho kikimtafuna. Mnene ni yule, mgonjwa awe yeye?

"Dada yako ana dawa anayonificha," alimwambia mumewe.

"Dada yangu? Hawezi kuficha hata kicheko!"

Jibu hilo lilimchoma zaidi. Kumbe hata mume yuko upande wa pili!

Kesho yake Bonge alitoka na furushi la nguo. Fundi akamnyemelea nyuma. Aliamini atamfumania kwa mganga. Bonge alipanda kilima, akaingia kwenye jengo la ghorofa, akapanda ngazi. Fundi alifika ghorofa ya pili, magoti yakagoma. Akaketi, akihema kama mvukuto.

Bonge, akiwa ameshamkabidhi mteja nguo, alimkuta hapo alipokuwa akishuka. "Ala! Wifi, unanipeleleza?"

"Nataka siri yako! Unakula hadi unafuta sahani wewe, ugonjwa nipate mimi?"

Bonge alitaka kucheka. Aliona machozi, akajizuia. "Hata mimi sijui, wifi yangu. Twende kwa muuguzi."

Muuguzi alichukua futi ya kitambaa, akamzungushia Fundi tumboni. Fundi akavuta tumbo ndani.

"Wateja wako wakijibana hivi, huwaambiaje?"

"Nguo itapasuka."

"Basi pumua, fundi."

Fundi akapumua. Muuguzi akasoma kipimo, akatikisa kichwa.

"Mafuta ya mwili si mzigo uliolala tu," alieleza. "Hutuma ujumbe kwenye damu. Ujumbe mmoja ni protini iitwayo adiponektini. Husaidia ini na misuli kutumia sukari vizuri. Pia hutuliza mwako wa ndani, yaani uvimbe mdogo usioonekana, ambao huumiza mishipa ya damu polepole, nawe usisikie lolote."

"Basi mwenye mafuta mengi anayo tele!" Fundi alisema, akimtupia wifi jicho.

"Hapana. Mafuta yakijazana tumboni, kuzunguka ini na utumbo, protini hiyo hupungua. Ujumbe wa kuchochea mwako ndio huongezeka. Mafuta ya nyonga na mapaja hayana madhara kiasi hicho."

"Yaani yeye kapendelewa!"

"Kwa sehemu ni maumbile. Lakini yeye hutembea, wewe umeketi. Naye asijisahau. Unene ukizidi, magoti na shinikizo la damu havimpendelei mtu."

Bonge akaacha kutabasamu.

"Hiyo protini inauzwa wapi?" Fundi aliuliza.

"Haiuzwi. Mwili wako ndio kiwanda. Tembea kila siku, acha soda, kula kwa kiasi, lala vya kutosha. Tumbo likipungua, kiwanda kitafanya kazi vizuri zaidi."

Tangu siku hiyo waligawana mizigo. Mwanzoni Fundi alinuna njiani, maana Bonge alimwacha nyuma kila mara. Hasira ikamsukuma. Mwezi wa pili alifika juu ya kilima bila kupumzika.

Miezi mitatu ilipotimia, walipimwa tena. Sukari ya Fundi ilikuwa imeshuka hadi mahali pazuri.

"Dawa hatuanzi," muuguzi alisema. "Endelea hivyohivyo."

Fundi alishukuru. Kisha akachungulia kipimo cha wifi yake. Kilikuwa chini ya chake. Moyo ukamuuma kidogo.

"Bado umenishinda, Bonge."

"Nimekushinda, ndiyo. Umeona wivu?"

"Sana. Leo mizigo yote napeleka mimi."