Maswali Yaliyofutwa

Kila siku baada ya masomo, Kamanda ndiye aliyefungua chumba cha kompyuta. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu aliongoza kikundi kilichokuwa kikiunda msaidizi wa akili bandia, wa kujibu ujumbe wa wazazi kwa niaba ya katibu wa shule. Kila jioni walimtahini msaidizi huyo kwa maswali mia. Jioni moja akayapata yote.

"Kesho anaanza kazi," Kamanda akamwambia katibu, kichwa kimemvimba.

"Ngoja nami nimwulize." Katibu akavuta kiti, akaandika kama mzazi, kwamba mwanawe ana pumu na dawa ameisahau nyumbani.

Jibu likaja kufumba na kufumbua: "Asante, mzazi. Ombi lako litashughulikiwa baada ya siku tatu."

"Mtoto hapumui, unampa siku tatu?" Katibu akasimama. "Huyu hagusi simu yangu." Akatoka na kubamiza mlango.

Kamanda akawageukia wenzake. "Nani alimtahini?"

"Mimi," akasema Miwani, mtunga maswali wao. "Yaliyomshinda niliyafuta, nikaweka mepesi."

"Umetuaibisha, mwongo we."

"Mwongo, sawa. Jumatatu si nilikuletea makosa saba, na hilo la pumu likiwamo? Ukanirushia daftari. Ukasema nisikuonyeshe uso wangu mpaka alama ziwe mia. Haya, mia zako hizo."

Hasira ya Kamanda ilikuwa bado inachemka, ila sasa hakujua amwagie nani.

Mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa akisahihisha kazi pembeni, alisikia yote. Akanyoosha mkono, akampa Kamanda chaki.

"Nitajie hayo saba," Kamanda akamwambia Miwani, amenuna. "Polepole."

Walihangaika wiki nzima, wakigombana na kurudia. Katibu alipouliza tena habari za pumu, simu yake ililia papo hapo kwa ujumbe wa msaidizi: "Mpigie mzazi huyu sasa." Siku hiyo msaidizi alipata tisini na moja. Kamanda mwenyewe akayaandika ubaoni yale tisa yaliyomshinda.

"Hizi ndizo alama za kweli," mwalimu akasema. "Miwani, kufuta kosa si kulirekebisha. Nawe Kamanda, ukimfokea anayekuletea habari mbaya, hataleta tena. Utazisikia zikiwa zimeshamuumiza mtu."