Maji ya Ebisawa

Kisa hiki alikisimulia kwanza Hirobe, rafiki wa baba yangu, msimu wa theluji wa mwaka 1953.

Miaka kumi kabla, yeye na Ebisawa, wa kijiji kimoja, walikuwa askari wa Japani kisiwani Attu, kaskazini ya mbali, Wamarekani wamewazingira. Ebisawa alikuwa akifa pangoni kwa jeraha la tumbo. Kwao, anayekata roho hulowanishwa midomo, na Hirobe alikuwa amemwapia mama yake Ebisawa kwamba mwanawe hatakufa mkavu. Sasa chupa zote zilikuwa tupu.

“Nenda basi, bwana. Au unangoja mke wangu ndiye akutume?” Ebisawa alimtania.

“Nyamaza, utamaliza mate.”

Ukungu ulikuwa umeugeuza mchana giza. Hirobe alitambaa hadi kijitoni, na hapo akasikia mtu akigugumia maji karibu yake, kwa pupa, akihema kwa shida. Akadhani ni adui. Akalala kifudifudi kwenye matope mpaka sauti ikakoma, ndipo akajaza chupa na kurudi.

“Umechelewa, ndugu yangu,” alisema Koplo Suwabe, aliyelala mle pangoni miguu imevunjika. “Alikata roho ulipotoka tu. Sikumwondolea macho.”

Hirobe aliinama na maji yake, akilia. Midomo ya Ebisawa ilikuwa imeshalowa. Maji ya baridi yalimchuruzika kidevuni, na katikati ya meno ulinasa utando wa kijani wa mawe ya mtoni.

Suwabe alifia mle mle pangoni. Hirobe yungali hai.