Sikio la Sekela na Jirani Yake

Sekela anaishi Tukuyu, kwenye baridi na mvua nyingi. Analalia mto wa sufi. Bibi yake aliushona kwa mkono.

Kila asubuhi Sekela akiamka, pua inamwasha.
Chya, chya, chya.
Kisha sikio linaziba.
Vuuu.

Mara nyingine sikio linauma. Anapewa dawa, linapona. Halafu linauma tena.

Siku moja shuleni, rafiki yake Tusa alimwita.
"Sekela, njoo turuke kamba."
Sekela hakusikia. Aliendelea kuchora.
Tusa akaita tena. Sekela hakugeuka.
"Sekela hanitaki," Tusa akasema. Akaondoka huku machozi yakimlengalenga.

Sekela alirudi nyumbani peke yake.
"Mama, Tusa amekasirika. Sijui nimefanya nini."
Mama akamjibu. Sekela akauliza, "Umesemaje, Mama?"

Kesho yake Mama alimpeleka kwa daktari. Daktari akamulika sikio kwa taa ndogo.
"Kuna maji humu ndani," akasema. "Sekela, huwa unapiga chafya?"
"Ndiyo. Nikiamka."

"Pua na sikio ni majirani," daktari akasema. "Kati yao kuna njia nyembamba. Pua ikivimba, njia inaziba, na sikio nalo linaugua. Huenda una mzio. Kuna kitu mwili wako haukipendi. Labda vumbi."
Akampa dawa ya pua.

Nyumbani, Mama aliupiga ule mto.
Puf.
Vumbi likaruka.
Chya, chya, chya.

Sekela akaukumbatia mto. "Usiutupe, Mama. Ni wa Bibi."
Basi wakampigia Bibi simu.

"Shikamoo, Bibi. Mto wako unanipa chafya."
"Marahaba, mjukuu wangu. Uache huo mto. Mto nitashona mwingine, wa vitambaa safi. Sikio siwezi kushona."
Sekela akacheka kidogo. Akampa Mama mto.

Asubuhi zikapita. Chafya zikapungua. Sikio likafunguka, taratibu, taratibu.

Sekela akamfuata Tusa.
"Siku ile sikukusikia. Sikio langu lilikuwa limeziba."
"Kumbe," Tusa akasema. "Nilidhani hunitaki."
"Nakutaka."
Tusa akamshika mkono. Wakaruka kamba.
Pa, pa, pa.

Usiku mvua ikanyesha. Mama alimfunika Sekela blanketi. Akafika mlangoni, akanong'ona, "Lala salama, mwanangu."
"Nawe pia, Mama," Sekela akajibu.
Mama akasimama pale mlangoni, akitabasamu gizani.