Bendera za Ngazi na za Kikombe

Kila nikitoka shule nilipitia kibandani kwa mama kufagia nyuzi. Mama ni fundi cherehani. Msaidizi wake tulimwita Dada Kimya, maana maneno yake ya siku nzima ungeyahesabu kwa vidole. Mwezi ule wa uchaguzi mkuu walishona bendera tu: mia sita za chama cha Ngazi, mia mbili za chama cha Kikombe. Kila chama kilitaka zaidi ya nusu ya viti vya bunge, kiunde serikali peke yake bila kubembeleza mtu.

"Ya mteja hayatoki mlangoni," mama alituonya, akayafunika mafurushi kwa shuka.

Jumatano mtu wa Kikombe aliingia bila hodi, na alipokaribishwa kiti hakukaa.

"Fundi, mtaa mzima unajua bendera zetu ni mia mbili. Wanasema tumekwisha. Hata watu wetu wanaona kupiga kura ni kujisumbua. Nani kawaambia?"

Mama alinitazama. Nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Kisha akamgeukia Dada Kimya.

"Kaka yako si yuko Ngazi?"

"Yuko, mama."

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Dada Kimya akishika simu, mama anaacha kushona. Akitoka nje, mama anachungulia dirishani. "Simba mwenda kimya ndiye mla nyama," alinong'ona, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwema. Aibu gani ile!

Ijumaa mama alimwambia, "Kesho usije, mpaka nijue nafanya kazi na nani." Dada Kimya alikunja aproni yake polepole. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi! Kinyozi alinitania kwamba mtoto hajui siasa. Nikajigamba, nikamtajia idadi."

Mama aliketi. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimshika Dada Kimya mkono. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekushuku kwa sababu tu husemi."

"Mama," Dada Kimya akajibu, "hata mimi nilishaanza kujishuku."

Tukacheka, huku sote tukifuta machozi. Kisha mama akanipeleka kwa mtu wa Kikombe, nikakiri na kuomba radhi. Alikunja uso, lakini kazi yake hakuiondoa. Kwa kinyozi niliingia mwenyewe, nikawaambia wateja wote kwamba nilijidai kujua siasa nisiyoijua.

Njiani mama alisema, "Bendera hazipigi kura, mwanangu. Mwenye bendera kumi ana kura moja, na asiye nayo ana moja. Nani ana wingi tutajua kura zikishahesabiwa. Kutoa siri ni kosa. Lakini kunyamaza mwenzako akibebeshwa mzigo wako ni kosa kubwa zaidi, na siku mbili nzima ulinyamaza."