Chuo Kisichofelisha Mtu

"Kiingereza nakijua kuliko wazee wote wa Makanyagio," Mariana aliwaambia wanawake waliopanga foleni kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akanyamaza kidogo, waanze kumheshimu. "Nina maneno saba. Yalikuwa manane, moja nimelisahau."

Wanawake walicheka. Mariana, mjane wa mzee Malale, aliishia darasa la saba, na mtihani alifeli. Hakuona haya kusema. Kiingereza cha nyumba yake chote alikuwa nacho binti yake Bernadetha, mwalimu wa sekondari.

Mchele ulipokuwa tayari, Mariana aliegemea fimbo, akashika kiuno, akaita bodaboda. Alishika upande wa kulia. Huo ndio ulikuwa upande wake wa kuumwa, na alijitahidi sana asiusahau. Maana mgongo wa Mariana haujawahi kuuma hata siku moja.

Ilianza hivi. Miaka kumi na moja nyuma, Bernadetha alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Dodoma. Alikuwa anakwenda kujifunza namna ya kufundisha Kiingereza. Begi lilifungwa. Tiketi ya treni ilikatwa. Lakini mzee Malale alikuwa na miezi miwili tu kaburini. Mariana aliiangalia nyumba, akaona atabaki yeye na kuku. Asubuhi ya safari hakuamka.

"Mgongo," alisema. "Umekatika."

Bernadetha akarudisha tiketi.

Mariana alikusudia kuumwa wiki mbili tu. Lakini uongo ni kama mgeni aliyependa mboga zako. Haulizi njia ya kurudi kwao.

Begi lilibaki juu ya kabati, halijafunguliwa. Na treni ya Tabora ikipiga honi ya kuondoka, Bernadetha huacha alichokuwa anafanya. Mwiko unasimama ndani ya ugali. Kalamu nyekundu inasimama juu ya daftari la mwanafunzi. Honi ikiisha, anaendelea. Hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililomuuma Mariana kweli, na hapo hakujua ashike upande gani.

Jioni hiyo Bernadetha alirudi kutoka shuleni uso umechangamka.

"Mayu," alisema. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Nimepata chuo. Cha mtandao. Nitasoma hapahapa, sikuachi na mgongo wako."

"Miaka mingapi?"

"Miezi mitatu."

"Mitatu? Mimi darasa la kwanza tu lilinichukua mwaka, na tulikuwa tunahesabu vijiti."

"Profesa Baltazari anasema uzoefu wangu wa kazi unatosha. Hakuna mitihani. Lakini ada yote ilipwe kabla ya Ijumaa, ndipo nipate punguzo."

"Yote?"

"Ng'ombe wanne, Mayu. Wale walioko Kasokola kwa baba mdogo Nashon."

Mariana alipeta mchele kwa muda. Ng'ombe wale aliwaacha marehemu, na bila neno lake hauzwi hata mmoja. Akikataa, atakuwa amemnyima mtoto mara ya pili. Akikubali, moyo wake ulikuwa unakataa, na hakujua kwa nini.

"Mpigie huyo profesa," alisema. "Mnadani hatuuzi kwa mtu ambaye hatujasikia sauti yake."

Simu ikapokelewa haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chuo chenu kiko wapi, baba?"

"Kiko dunia nzima, mama."

"Hata mnadani watu wa hivyo wapo. Ukimuuliza muuzaji ng'ombe katoka wapi, anasema kote. Sasa niambie, mwanafunzi akifeli mnamfanyaje?"

Sauti ikacheka. "Kwetu hafeli mtu, mama yangu. Hilo tunakuhakikishia."

Mariana akarudisha simu. "Mimi nilifelishwa na shule ya nyasi yenye mwalimu mmoja. Hicho cha dunia nzima kinashindwaje kufelisha?"

Bernadetha hakucheka. "Mayu, nina miaka thelathini na tisa. Usinizuie tena."

Neno "tena" lilimwingia Mariana mpaka kwenye mifupa. Alimwangalia binti yake usoni aone kama anajua, asione kitu.

"Sikuzuii," alisema taratibu. "Twende kwanza kwa Specioza. Akisema ni chuo, ng'ombe nitawaswaga mwenyewe mpaka mnadani."

"Na mgongo?"

"Nitawaswaga polepole."

Specioza alikuwa mratibu elimu wa kata, nyumba ya tatu kutoka kwao. Shahada yake ya uzamili aliisoma kwa mtandao huku ananyonyesha. Walimkuta anachambua maharage. Akaipokea simu ya Bernadetha, akasoma, akarudia kusoma.

"Hapa wameandika wanatambuliwa na baraza," alisema. "Lakini hilo baraza liko kwenye tovuti yao wenyewe. Ni kama mtu ajiandikie barua ya utambulisho, aisaini, aigonge muhuri."

"Sasa cha kweli nitakijuaje?" aliuliza Bernadetha.

"Usikiulize chuo. Uliza anayekisimamia. Kama ni cha hapa nchini, nenda Tume ya Vyuo Vikuu. Angalia kama chuo kimo, halafu angalia kama na kozi yenyewe imo. Kama ni cha nje, muulize msimamizi wa nchi hiyo. Kisha iandikie Tume yetu kabla hujalipa, uliza kama shahada hiyo ya mtandao wataitambua. La sivyo utarudi na cheti ambacho mwajiri hakipokei. Utakitundika ukutani kama kalenda."

"Kalenda angalau ina tarehe," alisema Mariana.

"Na ada wanayotangaza siyo gharama yote, mwalimu. Uliza ada ya maombi, ya mitihani, vitabu. Ongeza bando lako la kila mwezi. Uliza kama unaweza kulipa muhula kwa muhula. Na hela iende kwenye akaunti ya chuo. Haiendi kwenye simu ya mtu."

Bernadetha aliinama. "Mimi nilipewa namba ya simu."

"Umelipa?"

"Bado."

"Basi hujapotea. Hebu niambie, unataka kusoma nini hasa?"

Bernadetha alichukua maharage machache, akayachambua kabla ya kujibu.

"Nina darasa la watoto themanini. Nyumbani kwao wanaongea Kisukuma, Kibende, Kirundi. Mimi nawafundisha Kiingereza kama nilivyofundishwa. Naandika ubaoni, wananakili, wananyamaza. Kila mwaka wanakuja wengine, nao wananyamaza. Nataka kujua walimu wenzangu huko duniani wanafanyaje mpaka mtoto afungue mdomo." Akasita. "Miaka kumi na moja nataka kujua."

Mariana aligeuka, akawaangalia kuku wa Specioza kama vile anataka kuwanunua.

"Basi tafuta kozi yenye mazoezi ya kufundisha," alisema Specioza. "Wapigie waliomaliza. Waulize kama wahadhiri wanajibu, na kama kazi zinasahihishwa kweli. Na mwajiri wako mwandikie mapema, uombe kibali."

"Na kama wanafelisha," alisema Mariana. "Aulize na hilo."

Specioza alimtazama bibi yule. "Hilo, mama, ndilo ningeanza nalo."

Ijumaa ilipita. Profesa Baltazari alipiga simu mara nne. Jumatatu punguzo lilikuwa bado lipo, na Jumanne likaongezeka. "Ng'ombe anayeshuka bei kila ukigeuka ana ugonjwa," alisema Mariana, na Bernadetha akaifungia ile namba.

Kutafuta kulichukua wiki tano. Chuo kimoja cha nje kilikuwa kizuri na kinatambuliwa, lakini ada yake ingemaliza zizi na zizi la jirani. Kingine cha hapa nchini kilikuwa cha bei nafuu, ila kozi yake ya Kiingereza haikuwa kwenye orodha ya Tume. Cha tatu kilikuwa cha hapa nchini pia. Kozi ilikuwemo. Masomo yalikuwa ya jioni kwa mtandao, mitihani inafanyiwa kwenye kituo chenye wasimamizi. Ada inalipwa kwa muhula. Bernadetha aliwapigia waliomaliza. Mmoja alimwambia, "Dada, jiandae. Nilirudia masomo mawili." Bernadetha akacheka peke yake.

Kibali cha mwajiri kikatoka. Akauzwa ng'ombe mmoja, siyo wanne.

Siku ya somo la kwanza, Bernadetha alipanda juu ya kiti, akashusha lile begi. Mariana alisimama mlangoni, anaona. Ndani kulikuwa na sweta la baridi ya Dodoma na madaftari mawili mapya. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Bernadetha aliyapangusa, akakaa mezani, akafungua ukurasa wa kwanza. Treni ikapiga honi. Hakuinua kichwa.

Mariana alisikiliza honi ile peke yake mpaka ikaisha.

Muhula ulikwenda. Shuleni, darasa la Bernadetha likaanza kupiga kelele. Mkuu wa shule alikuja kuangalia kuna nini. Akakuta watoto wamekaa wawili wawili, mmoja anauza nyanya, mwingine anapunguziwa bei, wote kwa Kiingereza kilichopinda lakini kinachotembea. Akafunga mlango taratibu, akaondoka.

Kisha matokeo yakatoka. Ilikuwa Jumamosi, Mariana yuko uani na ungo wake, fimbo iko ukutani. Bernadetha alitoka ndani na simu mkononi.

"Nimefaulu masomo matatu, Mayu. La nne nimefeli. Nitarudia mtihani."

"Wamekufelisha?"

"Wamenifelisha."

"Kweli kabisa?"

"Kweli, Mayu. Alama mbili zimepungua."

Mariana aliweka ungo chini. Akapiga kigelegele, majirani wakatoka nje. "Ni chuo," aliwaambia. "Ni chuo cha kweli, kinafelisha." Akaanza kucheza. Alicheza ngoma ya mavuno ya kwao, ile ya kuinama mpaka vidole vinagusa vumbi. Akainama, akainuka, akazunguka, akainama tena. Alimbeba binti yake juujuu, mtu mzima yule, akamzungusha mara mbili, akamtua.

Ndipo akamwangalia. Bernadetha alikuwa anaiangalia fimbo. Ilikuwa imeegemea ukuta, mbali, na kuku amelala chini yake.

Mariana akashika kiuno, upande wa kushoto. "Mgongo huu," alisema, akikunja uso. "Utaniua."

Bernadetha akaifuata fimbo, akamletea.

"Ni upande wa kulia, Mayu," alisema. "Miaka yote huwa ni wa kulia."