Lori Jekundu Kwenye Jalada

"Ulikisoma, hukukisoma?"

"Si nimeshasema nilikisoma, Mama Mdogo! Mbona unanipigia kelele?"

"Nani anapiga kelele? Mimi nauliza!"

Alikuwa anapiga kelele kweli, na tangazo la kukataza kelele mle maktabani alilibandika yeye mwenyewe. Watoto wawili waliokuwa wanasoma kwenye mkeka wakatazamana, wakainamia tena vitabu vyao, ila hakuna aliyefunua ukurasa.

Mtaani kijana huyu aliitwa Redio, maana akishawaka hazimiki. Mama Mdogo, ndugu wa mama yake, ndiye mkutubi wa maktaba ya mtaa. Kila Jumamosi Redio alimsaidia kuwapelekea vitabu watu wasioweza kutoka nyumbani. Vilivyogombaniwa zaidi ni vile vya maisha ya watu, na kwa hivyo Mama Mdogo alikuwa mkali: usimpelekee mtu maisha ya mwenzake kabla hujayasoma wewe mwenyewe, na kabla hujamuuliza anapenda nini.

Redio aliona huko ni kujichosha bure. Muuguzi mstaafu? Mpe maisha ya muuguzi. Mwanajeshi wa zamani? Mpe jenerali, kwisha kazi. Basi Babu Dereva, aliyeendesha malori mpaka nywele zikawa nyeupe, Redio alimpelekea kumbukumbu za dereva wa malori. Jaladani kulikuwa na lori jekundu linang'aa. Atake nini tena?

"Binti yake kanipigia simu sasa hivi." Sauti ya Mama Mdogo ikashuka, na kushuka kule kukamtisha Redio kuliko zile kelele. "Tangu jana mzee hali, hasemi. Kaugeukia ukuta. Kitabu kakiacha wazi katikati. Haya niambie, katikati pana nini?"

Redio akaanza kupanga upya vitabu vilivyokwisha pangwa.

"Mzee anachosema ni kimoja tu: aje aliyekileta."

"Twende wote, Mama Mdogo. Tafadhali."

"Nilikipeleka mimi? Nenda, mwanangu."

Njiani alimpita fundi viatu bila kumtania, mpaka fundi akamwita, "Wee Redio, leo betri zimeisha?" Redio alikuwa anatunga uongo. Nitasema nilikisoma nikasahau. Nitasema nilichanganya vitabu. Na je, kama mzee ndiyo anakufa? Wazo hilo likamsimamisha katikati ya barabara, mwenye baiskeli akakwepa akimtukana.

Binti wa mzee alimfungulia, akamwonyesha chumba kwa kidole, akarudi jikoni. Mlango wa chumba ulilia kama paka aliyekanyagwa. Ndani palikuwa na kitanda, kiti kimoja, na mgongo mpana wa Babu Dereva.

"Shikamoo, Babu."

Mzee akageuka polepole. Macho yalikuwa mekundu.

"Marahaba. Ulikisoma?"

Uongo wote aliokuja nao ulikuwa tayari ulimini.

"Hapana, Babu. Niliangalia picha ya nje tu. Mama Mdogo nimemdanganya. Nisamehe."

Mzee akakichukua kile kitabu kilichokuwa wazi. "Katikati lori linakatika breki mteremkoni. Utingo anaruka, hasalimiki. Mimi nami nilikuwa na utingo, kijana mwenye maneno kama wewe. Ndivyo alivyoniondokea. Nimefungua ukurasa, nikamkuta pale pale barabarani."

Machozi yakamtoka Redio. Akasema lile ambalo alipaswa kuanza nalo.

"Babu, wewe unapenda kusoma nini?"

Mzee akakohoa. Kumbe ni kicheko kilichokwama. "Swali la kwanza umelileta mwisho! Mimi nataka maisha ya mpishi. Miaka yote nimekula vya barabarani, sijui hata kitunguu kinaanza kuungua saa ngapi." Akapaza sauti: "Mwanangu! Hiyo chai bado ipo?"

Jikoni sufuria likaanguka, na binti akaitikia kwa sauti ya mtu anayelia na kucheka pamoja.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Babu Dereva akasema. "Ukiniletea maisha ya mtu, unaniletea mgeni wa kulala naye chumbani. Mjue kwanza mgeni wako, kisha unijue mimi. Na usiseme unamjua kama humjui. Anayeumia si wewe."

Akamkabidhi kitabu. "Si kibaya hiki. Kakisome chote. Yuko mtu mahali fulani anakihitaji, mtafute. Na kwa Mama Mdogo ukaseme mwenyewe, nisiseme mimi."

"Nitasema, Babu. Na Jumamosi nitakuletea mpishi. Nikishamsoma."

"Nitakuuliza vitunguu!"

Redio akakikumbatia kitabu kifuani. Hofu ya Mama Mdogo ilikuwa bado inamsubiri, lakini miguu sasa ilimtii. Akatoka, akaurudishia mlango ule taratibu kwa mikono miwili, usilie.