Kuku Aliyeingia Kwenye Usaili

Sikilizeni, wazazi, walezi na majirani wenye masikio marefu! Mimi, bingwa wa maigizo wa bweni letu, natoa ushauri kwa kila mwigizaji anayekwenda kwenye usaili. (Ubingwa wenyewe niliupata kwa kuigiza ugonjwa siku ya mtihani wa hesabu.)

Kulikuwa na nyumba moja yenye amani. Mama alishona dirishani. Binti yake mkubwa alipiga pasi nguo za watu karibu na mlango. Binti huyo alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kikundi cha maigizo, baada ya kukataliwa mara mbili. Angeigiza mtoto anayemuaga mama yake kaburini.

"Hii ndiyo mara ya mwisho, mama," alisema. "Nikishindwa, nabaki na pasi yangu."

Mikono yake haikuwa na nafasi ya kushika karatasi. Basi mdogo wake, aliyekuwa likizoni, akawa anamsomea, naye anakariri kwa sikio. Dada alikuwa na sauti, jamani! Mama alisimamisha cherehani ili amsikie.

Mdogo mtu akaona huzuni imezidi. Baada ya "Mama, umeniacha na nani?" akachomeka ya kwake: "Na yule kuku wako, nimpe nani?" Alitegemea kicheko. Dada aliirudia polepole, machozi yakamtoka.

"Hiyo ya kuku ndiyo inayoniua," akasema.

Mdogo akaendelea kusoma. Kesho nitamwambia, akajisemea. Mnazijua kesho za watu wa aina hiyo.

Siku ya usaili dada alisimama mbele ya meza ya watu watatu. Alipofika kwa kuku, wakaangua kicheko.

"Binti, kuku katoka wapi?" mwongozaji akauliza.

"Yumo kwenye karatasi."

"Karatasi niliiandika mimi."

"Yumo, mzee. Nina hakika."

Akapewa karatasi. Akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. Kuku hakuwamo.

"Asante, tutakuita."

Hawakumwita. Alirudi nyumbani, akawasha pasi. "Kichwa changu kibovu, mama. Kinajitungia vitu." Tangu hapo hajiamini tena. Kila shati la mteja hulifunga uzi wa rangi kifungoni, asije akasahau ni la nani.

MAFUNZO

Mwigizaji, soma karatasi kwa macho yako mwenyewe, hata kama mikono ina kazi. Ukiambiwa umekosea, usibishane; omba kurudia. Nanyi mnaowasaidia waigizaji, msichezee maneno ya mtu aliyebakiwa na tumaini moja.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika mama aliponyakua daftari langu. Akasoma, akavua miwani.

"Mwandishi mkubwa, binti yangu ana mdogo mmoja tu ninayemjua. Au kuna mwingine nilimzaa nikasahau?"

Ubingwa wote ukaniisha. Nikaenda mlangoni.

"Dada, kuku alikuwa wangu. Niliongeza mimi."

Akaisimamisha pasi.

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau, dada."

"Miezi minne," akasema, si kwangu. Akavuta shati lililofuata, akaanza kufungua uzi mwekundu kifungoni. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akalisogeza shati pembeni. Fundo likakataa kufunguka.